Mbwa jike akianza kumaliza ndoo ya maji, usisubiri

Nianze na kosa langu kabisa. Mwaka jana mbwa wetu Siza, jike, chotara tu wa kulinda geti huku Nkuhungu, kila akiingia joto madume ya mtaa mzima yanahamia nje ya uzio wetu, usiku hamlali, na wale watoto sita wa uzao wa mwisho nilihangaika kuwagawa mpaka mmoja nikambembeleza konda wa daladala amchukue. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo kuuliza nifanyeje, kaka muuzaji akasema dada mbona rahisi, mchome ile sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, ya miezi mitatu. Nikaona isiwe tabu. Akachomwa.

Kama wiki sita baadae Siza akaanza kunywa maji. Huku kwetu maji ya mgao kila ndoo inahesabiwa, ndio maana nilishtuka: ndoo yake naijaza asubuhi jioni imekauka, anakojoa kila saa, ugali anaunusa tu anaondoka. Mie nikasema ni jua hili la Dodoma. Siku ya tatu namkuta anajilamba nyuma muda wote, na pale alipolala kwenye sementi kuna doa rangi ya chai ya maziwa, linanuka usaha kabisa.

Dokta alimpiga ultrasaundi, kizazi kimejaa usaha. Akanieleza hivi: mbwa akitoka joto, homoni ya projesteroni inapanda na kukaa juu kama miezi miwili hata kama hana mimba. Inanenepesha ukuta wa kizazi, inafunga mlango wake na kulegeza kinga ya mle ndani, sasa bakteria walioingia wakati wa joto mlango ukiwa wazi wanajikuta wamepata nyumba. Na ile sindano niliyomchoma ni homoni ya jamii hiyohiyo, yaani niliongeza kuni kwenye moto. Kiu nayo ilitokana na sumu ya bakteria kuvuruga figo, zikashindwa kubana mkojo. Nilitamani ardhi inimeze.

Tiba ya uhakika ni upasuaji, kizazi kinatolewa chote. Ila wa kumpasua alikuwa safarini, na Siza mlango wake ulikuwa wazi, usaha unatoka, bado anasimama mwenyewe, dokta akasema tuanze na sindano ya kuzuia homoni huku tunamwangalia kwa karibu. Inaitwa aglepristoni, nyingine utaikuta kwa jina la Alizin. Haipunguzi homoni yenyewe, inawahi siti. Projesteroni ikifika kwenye kizazi inakuta pameshakaliwa, na kwa mbwa dawa hii inashika siti kwa nguvu mara tatu ya homoni yenyewe, kwa paka mara tisa. Kizazi kikikosa hiyo amri kinalegeza mlango na kuanza kujisafisha.

Sindano yenyewe sasa! Ni ya mafuta, nzito, inauma. Siza ana kilo 22, kipimo ni miligramu 10 kwa kilo, ikaja kama mililita saba na ushee, na haichomwi yote sehemu moja, akagawanyiwa mbili chini ya ngozi ya shingo halafu dokta akawa anapakanda taratibu. Mdogo wangu ndio alikuwa anamshika kichwa, dokta alipomwangalia tumbo akamuuliza una mimba? Miezi mitano. Akamtoa nje hapohapo, maana dawa hii ikimfikia mjamzito inaweza kuharibu mimba, hata anayechoma anavaa glavu. Ya pili kesho yake, halafu siku ya nane, na kwa vile ile ya miezi mitatu ilikuwa bado mwilini, akarudiwa tena siku ya kumi na tano. Antibayotiki juu yake kila siku. Ile siku ya pili usiku usaha ulitoka mwingi mpaka nikadhani anakufa, kumbe ndio inafanya kazi.

Alipona, ila sikudanganyika. Ugonjwa huu unapenda kurudi joto linalofuata, tena baada ya dawa hii joto linaweza kuwahi, kwahiyo alipopata nguvu tukatoa kizazi. Hela iliyotoka ningenunua mbuzi na chenji ibaki. Na kama mbwa wako tumbo limevimba, anatapika, halafu hakuna kinachotoka nyuma, hapo mlango umefunga, usikae kutafuta sindano, huyo ni wa upasuaji leoleo.

Wenye paka pia msome hapa. Paka mdogo wa kike, kaanza joto juzijuzi au kachomwa hizo homoni, ghafla matiti yote yanavimba kama machungwa, watu wanasema kansa, muuwe. Mara nyingi sio kansa, ni projesteroni hiyohiyo, na dawa ni hiyohiyo. Hata dume akichomwa homoni hizo anaweza kuvimba.

Na kama shida yako ni jike kapandwa kwa bahati mbaya, hiyo ndio kazi ya aglepristoni haswa: sindano mbili kwa kupishana saa 24, mwisho siku ya 45 tangu apandwe, ingawa sio asilimia mia, lazima arudi kupimwa.

Nilipita tena pale dukani kumwambia yule kaka. Akasema mbona wateja wengine hawalalamiki. Nikamuuliza huwa unawauliza? Akageuka kumhudumia mtu wa chanjo ya kuku.