Nikikaa kimya mawazo yananivamia

SWALI: Shangazi shikamoo, mie nipo Wete, nyumbani redio, tivii na simu mpaka usiku, nikikaa kimya kidogo tu mawazo yananivamia. Mbona kimya kwangu hakina raha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mawazo hayo yalikuwepo tu, kelele ndo zilikuwa zinayafunika, basi usiyakimbie. Ukishasali alfajiri iache simu, kaa barazani na chai yako usikilize makuti yanavyopigwa na upepo, dakika mbili zatosha kuanzia, maana mwaka 2006 watafiti wa Italia walikuta kimya cha dakika mbili katikati ya miziki kinashusha presha na mapigo ya moyo. Na waulize wanaokaa itikafu, yaani wanaojitenga msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la Ramadhani, wengi watakwambia usiku wa mwanzo ndo mzito.