Kwenda kusikiliza bluzi Chicago: niliyoyakuta mimi mtu wa Moshi

Mkuu, umeuliza: unatoka Arusha kwenda Chicago wiki mbili, unapenda gitaa, je, uende peke yako klabu ya bluzi, na utaelewa kitu? Nenda. Mimi ni wa Majengo, Moshi, napiga solo kwenye kwaya, na usiku mmoja kule ulinifundisha kuliko miaka yote ya kuigiza kanda.

Beba pasipoti. Pombe ni kwa aliyetimiza miaka 21, na baunsa anadai kitambulisho hata kwa mzee. Mimi nina mvi, niliacha yangu chumbani, nikarudishwa mlangoni. Saa nzima ya muziki ilinipita, hadi leo inaniuma.

Klabu ya Kingston Mines ipo tangu 1968, ina majukwaa mawili: bendi moja ikipumzika, nyingine inashika, hadi alfajiri. Klabu ya Legends, ya mpiga gitaa wa bluzi Buddy Guy, ilifunguliwa 1989; mwenyewe, aliyezaliwa 1936, kwa miaka mingi amekuwa akipiga hapo mwezi Januari. Ila Januari beba koti la maana, baridi ya Machame si kitu. Ukienda Juni, tamasha la bluzi la jiji pale Millennium Park halina kiingilio.

Sasa muziki wenyewe. Kaa mbele, upande wa mpiga solo. Mwimbaji anatoa mstari, anaurudia, wa tatu ndio jibu, na kila mstari ukiisha gitaa linaitikia. Hesabu mapigo manne mara 12, utasikia mzunguko unaanza upya. Ukishaunasa, hata Kiingereza chao kikikupita hupotei. Sisi kwenye dansi, solo likikolea watu wote kati. Kule wengi wanatulia, wanatazama vidole.

Niliyemkuta mimi alivaa kibomba cha chuma kwenye kidole kidogo, anakitelezesha juu ya nyuzi. Katikati ya wimbo wa taratibu akapunguza sauti, akapunguza tena, mpaka nikawa nasikia kucha zake kwenye waya wenyewe. Barafu ikagonga glasi, watu wakageuka. Mzee wa meza ya jirani akanong'ona, "Sema nasi." Dramu ikarudi, gitaa likapiga ukelele uliotua kifuani. Nililia, na sioni haya.

Ukelele ule una asili yake. Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, alihamia Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943. Kelele za baa zikalimeza gitaa kavu, akashika la umeme. Roki ilinywa humo. Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, walichukua jina kwenye wimbo wa Muddy, na mwaka 1964 wakaenda kurekodi studio za kampuni ya rekodi ya Chess, 2120 South Michigan Avenue. Mchana pita ulione jengo.

Kutuza: huku tunapanda na noti hadi kwenye paji la uso la mwanamuziki. Kule usipande. Mbele ya jukwaa huwa kuna ndoo, tumbukiza humo, na mhudumu mwachie dola kwa kila kinywaji. Nunua pia vizibo vya masikio.

Bendi ikipumzika, mfuate mpiga gitaa, msalimie. Nilimwambia natoka chini ya Kilimanjaro, akauliza kwetu tunapigaje. Akanipa gitaa lake, nikampigia solo kidogo la dansi. Akavuta kiti karibu, akaniomba nirudie polepole.