Nywele za asili, basi na maji ya bahari Tanga

Dada, umeuliza utazitunzaje nywele zako za asili utakapokuja Tanga kwa basi na kuogelea baharini wiki nzima. Ningeanza na bahari, kwa kuwa ndiyo itakayozichosha zaidi. Nywele kavu hunyonya maji upesi, hivyo kabla ya kuingia baharini, iwe Raskazone au Pangani, zilowanishe kwa maji ya bomba kisha uzipake mafuta ya nazi, hasa nchani, ili zipokee chumvi kidogo. Ukitoka, zisuuze kabla jua na upepo havijazikausha, maana chumvi inayobaki huziacha ngumu, zikakatika mara kitana kinapopita. Zichanue kwa vidole kwanza, zikiwa bado zimelowa.

Twende kilioni, ule msuko wa mistari inayolala kuelekea kisogoni, inafaa sana kwa safari, lakini tafadhali usikubali msusi aikaze hadi ngozi ya paji ivutike. Vipele vidogo kwenye mizizi ni dalili ya kukazwa mno, na jambo hilo likirudiwa mara kwa mara, nywele za mbele huweza kupotea zisiote tena.

Ndani ya basi funga kitambaa cha satini, kwa sababu kiti husugua kisogo njia nzima. Mafuta ya nazi usiyabebe kutoka nyumbani, kwani utayapata Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga. Yakiganda kwenye chumba chenye kiyoyozi hayajaharibika, kwa kuwa huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi.