Mtoto wa Mchangani Akifika Kiwanja Kigumu

Mtoto wa Amu, yaani Lamu, humfundishi chenga. Ameijua kabla ya kujua kusoma, kwa sababu mpira wake wa kwanza aliuchezea kwenye vichochoro ambamo punda wawili hawapishani, na wa pili kwenye mchanga wa Shela, ambako pasi ya chini haifiki popote. Mchanga huula mpira. Kwa hiyo hujifunza kuuinua, kuukokota karibu na vidole na kumzunguka mtu.

Taabu huanza siku anapovuka kwenda Mokowe kucheza na shule ya bara. Udongo ni mgumu, mpira unakimbia na kudunda. Mchangani ulikuwa ukimfikia umeshachoka, akauwekea mguu tu ukatulia. Huku akiuwekea mguu uliokazwa, unamruka mita tatu na beki wa watu anaondoka nao. Nimewaona wachezaji hodari wa mtaani wakitolewa kabla ya mapumziko kwa sababu hii moja, na nyumbani watu wakasema wameogopa. Hawakuogopa. Walifundishwa na mchanga, na mchanga una mipaka yake.

Ndiyo maana mwalimu mwenzangu anayeanza timu ya shule huku visiwani namwambia aache kwanza mashuti na mbinu, ashughulike na kupokea mpira. Uwapange wawili wawili, hatua nane kati yao. Anayepokea asiusubiri mpira, auendee. Mguu uulaki mpira kwa ubapa wa ndani, kisha uurudishe nyuma kidogo pale unapogusana nao, ili kasi yake ife. Hilo la kurudisha mguu ndilo watoto wa mchangani hawana kabisa, na halifundishiki kwa maneno. Unamrushia mtoto mpira kwa mkono mara nyingi hadi mguu wake uelewe.

Baada ya hapo fundisha kupokea kwa mguu wa mbali. Mpira ukija kutoka kushoto, upokewe na mguu wa kulia, mwili ukiwa umefunguka kutazama lango la wapinzani. Kabla haujafika, mtoto ageuze shingo aangalie nyuma yake. Mimi husimama nyuma ya anayepokea na kunyoosha vidole. Asiponiambia ni vingapi kabla ya kuugusa mpira, hakuangalia. Wanaupenda mchezo huo kuliko zoezi lenyewe.

Kiwanja kigumu kisiwani tunakipata pwani, maji yakipwa. Mchanga uliolowa na kushindiliwa na maji ndio unaokaribia udongo wa bara. Ratiba yangu ya zoezi hili hufuata mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano hivi asubuhi, na pwani inafunguka kweli. Jumamosi ikiangukia hapo, ni ya mpira. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, basi ukipanga tarehe bila kuuliza mvuvi utakuta bahari imekalia uwanja wako. Wiki ya maji mafu maji hupwa alasiri lakini hayaendi mbali, na ukanda unaobaki unatosha pasi tu.

Usigombanie watoto na chuo cha Kurani. Utashindwa, na ni haki ushindwe. Nenda kwa maalim mapema, kubaliana naye saa, na mtoto aliyekimbia chuo umrudishe wewe mwenyewe. Jioni tunacheza baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limepoa, na tunamaliza kabla ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani nafupisha mno: kugusa mpira kidogo karibu na futari, hakuna mbio.

Mazoezi mengi nayafanya kwa timu ndogo, wanne kwa wanne, malango ya ndara. Ukiweka watoto 22 na mpira mmoja, kuna beki ataugusa mara tatu na kurudi nyumbani. Wanne kwa wanne hakuna pa kujificha. Ninaweka sharti la kugusa mara mbili tu: kupokea, kutoa. Wenye chenga hulalamika, nawaachia dakika za mwisho wacheze watakavyo, maana chenga ni mali yetu na sitaki kuiua.

Mpira wenyewe uangalie. Namba 5, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, ni wa wakubwa. Watoto wa chini ya miaka 12 hivi inawafaa namba 4. Sheria inaruhusu upepo wa kuanzia 0.6 hadi 1.1 ya kanieneo ya hewa, kwa hiyo mpira ulio laini kidogo ni halali, na kwenye kiwanja kigumu ni rahisi kuutuliza. Kupiga kichwa siwahimizi wadogo. Chama cha soka cha Uingereza mwaka 2020 kiliwaelekeza makocha wasiwafanyishe watoto wa shule za msingi mazoezi ya vichwa, nami sioni sababu ya kuwa na haraka.

Wasichana nao wanacheza, tena wanasikiliza kuliko kaka zao. Kikwazo huwa nyumbani, na mara nyingi ni vazi. Mzazi akisema mpira utamvua mwanangu mtandio, nina jibu: tangu 2014 sheria za soka zinaruhusu kufunika kichwa. Masharti ni kwamba kitambaa kiwe cheusi au cha rangi ya jezi, kisishonwe na jezi, kisiwe na ncha zinazoning'inia wala kitu cha kumdhuru mtu. Maana yake pini ziachwe nyumbani. Suruali ndefu ya ndani nayo haina shida, rangi tu zilingane. Zungumza na mama na bibi kabla ya kumpa mtoto jezi, si baada.

Sheria zinazopoteza mipira bure ni chache na zinafundishika kwa nusu saa. Mpira wa kurusha: mikono yote miwili, utoke nyuma ya kichwa upite juu yake, na miguu yote iguse chini wakati wa kuuachia. Watoto wengi huinua mguu wa nyuma. Waambie pia kwamba mtu haotei akipokea mpira wa kurusha moja kwa moja. Straika anayelijua hilo hupata nafasi za bure. Na tangu 2019 mpira wa goli unaweza kupokewa ndani ya eneo la penalti, hivyo kipa asipige mbali kila mara ili tu aonekane ana nguvu.

Siku ya mechi, nahodha wa boti ndiye mkubwa wako. Tukienda Faza, kisiwani Pate, tunapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na maji yakipwa Mkanda haupitiki kwa boti iliyojaa watu. Kwa hiyo huenda mkafika saa nyingi kabla ya mechi. Tafuta kivuli kwanza, kisha ndipo utafute uwanja. Botini kila mtoto avae jaketi ya kuelea, na kofia. Chakula kizito kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kucheza: mahamri na mbaazi alfajiri hayana neno, pilau ya mwenyeji saa saba kwa mechi ya saa tisa nitaikataa kwa adabu na kuomba tufungiwe. Karibu na mechi nawapa ndizi na tende, na maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Vikinga-ugoko ni lazima kisheria, kwa hiyo hesabu jozi jioni ya kabla ya safari.

Ukifika, tembea uwanjani na timu nzima. Wadundishe mpira kila pembe, waone unavyoruka. Angalia upepo, wakati wa kusi unaweza kuamua kona zote za kipindi kimoja. Kisha dakika ishirini za kupasha mwili, nusu yake ikiwa ni kupokea na kutoa, wauzoee udongo ule kabla ya filimbi. Anayepiga kona, anayepiga penalti na wanaosimama ukuta, wote wawe wamejulikana tangu jana.

Mapumziko nasema mambo mawili tu, baada ya maji.

Wa akiba wote nawaingiza. Mama aliyetoa nauli ya boti hakuitoa ili mwanawe alinde mabegi. Mwenye wasiwasi huanza pembeni, winga, kwa sababu huko akipoteza mpira tuna muda wa kurudi. Kosa la beki wa kati huenda moja kwa moja wavuni.