Uzi wa Kofia na Mtoto wa Jicho

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 68 na hushona kofia za viua, yaani vitundu vidogo vya kushonewa uzi, hapa Wete. Mwaka juzi alianza kutunga uzi sindanoni bila ya miwani, nasi tukashukuru. Sasa haoni hata kiua, na taa za gari usiku humuumiza. Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, lakini jirani ashikilia tungoje mpaka huyo mtoto akomae. Je, ni kweli? Na baada ya kupasuliwa ataweza kusujudu?

JIBU: Mfikishie mama salamu zetu. Kule kutunga uzi bila ya miwani hakukuwa kupona, bali ndiyo dalili yenyewe ya mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi ya jicho: lenzi hiyo iliyo nyuma ya mboni, inapokuwa ngumu na kuingia ukungu katikati, huupinda mwanga zaidi, hivyo mtu akaona vitu vya karibu kwa muda huku vya mbali vikififia.

Jirani hakuzua neno, amechelewa tu. Zamani lenzi ilitolewa nzima na mgonjwa akabaki na miwani minene, kwa hiyo madaktari walingoja. Tangu daktari wa macho Harold Ridley alipopachika lenzi ya plastiki ndani ya jicho huko London mwaka 1949, mambo yamebadilika, na siku hizi kipimo ni kazi anazoshindwa kuzifanya mgonjwa. Kungoja mno huifanya lenzi iwe ngumu kutolewa, na pengine ikavimba na kupandisha presha ya jicho. Dawa za matone haziuondoi ukungu huo, na asali msimtie kabisa.

Jicho halitolewi nje, ingawa wengi wanaogopa hivyo. Hupigwa ganzi, hukatwa mahali padogo, mara nyingi pasipohitaji kushonwa, lenzi yenye ukungu ikatolewa na mpya ikawekwa ndani ya kifuko kilekile kilichoishika ile ya zamani. Kazi hiyo kwa kawaida haifiki nusu saa. Kabla yake apimwe sukari na presha ya macho, kwani iwapo mshipa wa fahamu wa jicho umeshaharibika, lenzi mpya haitaurudisha.

Kuhusu sala, madaktari wengi humtaka mgonjwa asiiname kwa siku kadhaa, basi asali kwa kukaa na kuashiria. Maji ya udhu yasiingie jichoni, na namna ya kutawadha muulizeni shekhe wenu. Jicho likiuma, likawa jekundu au likafifia, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kofia atashona, ila kwa miwani ya karibu, maana lenzi ya kawaida ya kupachikwa huwekwa kwa ajili ya kuona mbali.