Asali na mvuke wa mkaratusi kwa mtoto wa miezi 8

Pole sana, dada uliyeuliza kama asali na mvuke wa mkaratusi vinafaa kwa kikohozi cha mtoto. Kwa mwanao wa miezi 8 anayekohoa, asali usimpe kabisa mpaka atimize mwaka 1. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli ya mtoto. Mvuke wa mkaratusi nao acha. Wangu aliwahi kupiga teke beseni, maji ya moto yakanimwagikia mguuni, yeye nikiwa nimempakata! Na mafuta ya mkaratusi akiyameza ni sumu.

Mnyonyeshe mara kwa mara, pua izibuliwe kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Akitulia, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika 1 nzima. Zikifika 50, kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.