Ukiacha kusoma sheria mara ya kwanza, rudi na ratiba nyingine

Niliacha chuo cha sheria hapa Minnesota, Marekani, katika wiki ya tano. Nilikuwa nafanya shifti ya usiku kwenye makao ya wazee, natoka saa moja asubuhi, saa tatu niko darasani. Siku moja mwalimu aliniuliza kuhusu kesi niliyoisoma mara mbili, nikashindwa kukumbuka hata nani alimshtaki nani. Nilimpigia dada yangu Kisumu, nikamwambia sheria si ya watu kama mimi.

Kilichonirudisha ni maisha ya Alan Page. Huku wengi humkumbuka kwa futiboli ya Kimarekani: alichezea Minnesota Vikings, na mwaka 1971 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini yeye pia alijiandikisha kusoma sheria, akaacha baada ya wiki kama tatu. Baadaye akaanza upya Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwa bado mchezaji, akahitimu 1978. Hakurukia ujaji. Alifanya kazi kwenye kampuni ya mawakili, kisha miaka kadhaa katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya 1992. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, wote saba, hupigiwa kura na wananchi kila baada ya miaka sita, ingawa nafasi ikibaki wazi katikati gavana ndiye huijaza. Page alitaka kugombea kiti, gavana akamwongezea muda jaji aliyekuwepo, uchaguzi ukaonekana umeyeyuka. Page akaenda mahakamani, akashinda, uchaguzi ukafanyika na akachaguliwa. Akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza katika mahakama hiyo. Alikaa hadi 2015, alipofika miaka 70, umri ambao majaji wa huko hulazimika kustaafu, kama ilivyo kwetu Kenya.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma huku unafanya kazi, usirudi na ratiba ileile iliyokuvunja. Mimi nilihamia shifti za wikendi. Mshahara ulipungua, nikaongea na familia mapema kwamba pesa za nyumbani zitakuwa kidogo kwa muda. Mazungumzo hayo yalikuwa magumu kuliko mtihani wowote. Kila kesi naiandika kwa mkono: kilichotokea, swali, uamuzi, sababu. Kwa Kiswahili kwanza. Nikiweza kumweleza mama yangu, nimeielewa.

Na nenda mahakamani kabla hujawa na cheo chochote. Mahakama ya Juu ya Minnesota husikiliza hoja mjini St. Paul mbele ya umma, bila kiingilio. Mara ya kwanza niliketi safu ya nyuma, sare ya kazini bado mwilini. Mzee mmoja alisogea kunipisha, tukasikiliza.